Kurudi, Simba na Kibarua: Maneno ya Mhitimu Aliyerejea Sirisia

Makala hii inachunguza maneno machache yanayotumiwa kumzungumzia kijana aliyemaliza chuo kikuu, akakosa kazi, akashindwa kulipa kodi ya chumba mjini na hatimaye akarejea kwa wazazi wake. Mahali tulipopachagua ni Sirisia, eneo bunge la Kaunti ya Bungoma linalopakana na Uganda upande wa Lwakhakha. Wahitimu wasio na kazi wako kila pembe ya Kenya, na Sirisia haina upekee katika hilo. Upekee wake ni kwamba hapa Kiswahili huishi bega kwa bega na Lubukusu, na baadhi ya maneno hubeba maana ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hatazipata kwa urahisi katika vitabu vyake vya sarufi.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kurudi ni kwenda tena ulikotoka. Hilo halina utata. Lakini nguo iliyofuliwa ikafupika nayo husemwa kwamba imerudi, na mzazi anayemtia mwanawe adabu husemwa kwamba anamrudi. Kisarufi, maana hizi hazichanganyiki ovyo. Ile ya kuadhibu hudai yambwa, ilhali zile mbili za kwanza hazidai. Hata hivyo, msikilizaji hasikii sarufi peke yake. Jirani anaposema, “Mwana wa fulani amerudi,” muktadha ndio huamua anasema nini. Amerudi ya mwezi wa Desemba ni ya furaha: kijana ameshuka kwenye matatu na mfuko wa sukari na mkate. Amerudi ya mwezi wa Machi, godoro likiwa limefungwa juu ya gari pamoja na jiko la gesi na kapu la vyombo, hutamkwa kwa sauti ya chini, na maana ya nguo iliyofupika haiko mbali. Pengine ndiyo sababu magazeti yetu hupenda kurejea, neno lisilo na doa hilo.

Neno la pili ni simba, nalo linastahili kukaliwa kitako.

Kwa Wabukusu, kama ilivyo kwa Waluhya wengine na Wajaluo, simba ni nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, iliyojengwa katika boma la babake. Kijana akishatahiriwa hatarajiwi kuendelea kulala katika nyumba ya wazazi. Neno hili limeingia katika Kiswahili cha magharibi mwa Kenya. Limekutana humo na simba mwingine, mfalme wa mwitu. Kinachowatenganisha ni upatanisho wa kisarufi. Mnyama huchukua A-WA: simba wake amelala. Nyumba huchukua I-ZI: simba yake imebomoka. Mwanafunzi anayeandika kwamba “simba wake amevuja” huwa amemtoboa mnyama bila kukusudia, na mwalimu aliyetoka pwani huenda asielewe hata kosa liko wapi. Twaweza kusema kuwa huu ni mfano bora wa kufundishia ngeli kuliko mingi iliyomo katika vitabu vya kiada, kwa kuwa upatanisho hapa unaamua maana peke yake.

Lakini simba ina ratiba. Tohara ya Wabukusu hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka isiyo witiri, mathalani 2022 na 2024. Kijana aliyetahiriwa akiwa darasani, akaenda sekondari, kisha akakaa chuoni miaka minne na mjini miaka miwili akitafuta kazi, huwa ameacha nyuma tohara tano au zaidi. Ndugu zake wadogo wamekua. Anaporudi, simba yake ama imeanguka kwa kukosa mtu wa kuikandika, ama ina mwenyewe mpya. Kumwondoa mdogo wake si rahisi, maana naye ana haki ileile. Kulala katika nyumba ya wazazi ni jambo la kumvunjia heshima. Kujenga nyingine kunahitaji mabati, na mabati yanahitaji fedha ambazo kukosekana kwake ndiko kulikomrudisha. Tatizo la makazi, ambalo wengi wetu tumezoea kulihusisha na Nairobi na Eldoret, humfuata mtu mpaka kwao. Neno nyumbani, kwa kiambishi chake -ni cha mahali, humwahidi mtu mahali tu. Nyumba ni suala jingine.

Kuhusu kazi, neno linalosikika zaidi ni kibarua. Asili yake ni barua iliyotiwa kiambishi cha udogo ki-: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kihesabiwe mwisho wa kazi. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha la mtu mwenyewe. Kejeli ya historia hii haijifichi. Mhitimu wa Sirisia huandika barua nyingi za kuomba kazi, na anaposubiri majibu hupalilia mahindi na vitunguu vya watu kwa kibarua, au huenda Kitale msimu wa mavuno. Wengine huendesha bodaboda, neno lililozaliwa kwenye mpaka huuhuu wa Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba, kwa kurudia neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Waendeshaji wenzake humwita “msomi” au “prof”. Heshima imo, ila si heshima tupu.

Fasihi yetu imemtazamaje mtu huyu? Kezilahabi alimwonyesha msomi anayerudi kijijini katika Kichwamaji (1974). Lakini dhiki ya Kazimoto ni ya fikra. Hakusumbuliwa na kodi ya nyumba. Aliye karibu zaidi nasi ni Dennis Machora wa “Mapenzi ya Kifaurongo”, hadithi ya Kenna Wasike iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba, uliotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kati ya 2018 na 2022. Dennis ametoka katika familia maskini, anasoma chuo kikuu, anaishi na Penina aliyetoka katika familia tajiri, anatafuta kazi bila kufanikiwa, na mwishowe Penina anamtimua. Wahakiki wengi, hasa wale wanaoandika miongozo ya mtihani, huishia kwenye mapenzi na tofauti za kitabaka. Kwa maoni yetu, swali zito zaidi ni la makazi. Dennis hupoteza mpenzi na paa kwa wakati mmoja, kwa kuwa paa halikuwa lake. Hadithi inafungwa pale mlangoni. Ataenda wapi usiku ule? Ataingia katika simba ya nani? Msomaji wa Sirisia huyajua majibu yanayowezekana, naye hana budi kuyaandika.

Akiyaandika, atakutana na pengo ambalo maneno yaliyotangulia hayalizibi. Yote yanamhusu mwana wa kiume. Binti aliyehitimu hana simba. Atalala jikoni kwa mamake au kwa kukhu wake, na hakuna jina la pekee la malazi hayo. Hata kitenzi kurudi hakimwachii nafasi. Mwanamke anaposemwa kwamba “amerudi kwao”, wasikilizaji huelewa mara moja kuwa ndoa imemshinda, na huanza kuuliza mume ni nani na mahari yatarudishwaje. Binti ambaye hajawahi kuolewa hujikuta akijibu maswali ya talaka kwa sababu ya kitenzi. Ndiyo maana mzazi mwenye binti kama huyo, akiulizwa habari zake sokoni, hasemi “amerudi” akanyamaza. Huongeza haraka kirai “kutoka chuoni”, na asipowahi kukitamka, mwulizaji huwa amekwisha kutoa pole.