SOMO: Mavazi ya Kujikinga kwa Mafundi wa Kuchomelea – Tununue Nini kwa Fedha Kidogo?

Katika maeneo yanayokua kwa kasi kama Chamazi, kila nyumba mpya inahitaji grili za madirisha, mlango wa chuma na geti. Ndiyo maana vikundi vingi vya vijana hufikiria karakana ya kuchomelea vinapoandika maombi ya mradi. Tukipitia maombi ya aina hiyo tunaona jambo linalojirudia: mashine ipo, grenda ipo, vyuma vya kuanzia vipo, lakini mavazi ya kujikinga hayapo, au yamewekwa mwishoni ili yakatwe fedha zikipungua.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia vifaa vya kujikinga wafanyakazi walio katika hatari. Lakini kijana wa kikundi amejiajiri. Hana mwajiri wa kumnunulia. Sisi tunaompa mashine ndio tunaopaswa kuuliza ataivalia nini.

1. Tunajikinga na nini?

Hatari ni nne: mionzi, cheche za moto, umeme na moshi. Hakuna vazi moja linalozuia zote, kwa hiyo kamati isiridhike na neno "ovaroli" peke yake katika bajeti.

2. Macho kwanza

Jicho lililopigwa na mionzi haliumi papo hapo. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, na fundi huhisi kama macho yamejaa mchanga. Kwa kawaida hali hupungua katika siku moja au mbili, lakini mgonjwa aende kituo cha afya, asijitibu kwa dawa ya kuazima kwa jirani.

Miwani ya jua haitoshi hata ikiwa nyeusi kiasi gani, kwa sababu haikutengenezwa kwa kazi hii na inaacha uso wazi. Inahitajika kofia ya kuchomelea inayofunika uso na shingo kwa mbele, au ngao ya kushika mkononi yenye kioo maalumu. Kioo kina namba. Kwa kazi za grili na mageti, zinazotumia vijiti vya milimita 2.5 au 3.2, namba 10 au 11 inafaa. Miwani ya namba 5 ni ya kuchomelea kwa gesi, isitumike kwa umeme.

Mbele ya kioo cheusi huwekwa kioo cheupe cha bei ndogo ili kupokea cheche. Hicho ndicho kinachobadilishwa mara kwa mara, na kile cheusi kinadumu. Nunueni vyeupe kadhaa kwa kila kofia. Ongezeni pia miwani myeupe ya plastiki ngumu, kwa sababu wengi huumia jicho wakati wa kugonga magamba au kutumia grenda, kofia ikiwa imekwisha inuliwa.

3. Nguo: pamba, si nailoni

Nguo za nailoni na poliesta huyeyuka zikiguswa na cheche na kunata kwenye ngozi. Pamba nzito, kama jinsi au kadeti ya pamba, huungua polepole na haiyeyuki. Nguo hizi zinapatikana kwenye mitumba, lakini lebo nyingi zimefutika. Kipimo ni rahisi: chomoeni nyuzi chache, zishikeni kwa koleo, ziwasheni. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Nyuzi za viwandani hujikunja na kuacha kidonge kigumu.

Chagueni shati la mikono mirefu lenye kola, la rangi nzito ili lisirudishe mwanga ndani ya kofia. Mifuko iwe na vifuniko, na suruali isikunjwe chini, maana cheche hutua humo. Nguo yenye mafuta au petroli isivaliwe kabisa.

Juu ya shati liwepo aproni la ngozi. Hapa sharika zenye vikundi vya ushonaji zina nafasi nzuri: aproni na mikono ya ziada ya ngozi vinaweza kushonwa hapa hapa kwa uzi wa pamba. Vilevile vinasaidia kwa joto letu la Dar es Salaam. Koti zito la ngozi huvuliwa ifikapo saa tano asubuhi, na kinga isiyovaliwa si kinga. Aproni pamoja na mikono ya ngozi huacha mgongo upate hewa.

4. Mikono na miguu

Glovu ziwe za ngozi, ndefu kupita kifundo cha mkono, na ziwe kavu. Glovu iliyolowa jasho hupitisha umeme, kwa hiyo kila fundi awe na jozi mbili za kubadilishana. Viatu viwe buti za ngozi zenye soli nzima ya mpira, na suruali ishuke juu ya buti. Ndala na makubazi ni marufuku karakanani.

5. Moshi na majirani

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa puani hakizuii moshi huo. Njia ya bei nafuu ni kufanyia kazi mahali pa wazi, upepo ukipita ubavuni, na fundi asiinamie moshi. Barakoa za N95 au FFP2 huongeza kinga. Bomba zenye zinki zikwanguliwe kwanza pale zinapoungwa, kwani moshi wake huleta homa usiku.

Karakana zetu nyingi ziko kando ya njia, na watoto husimama kutazama. Mabati chakavu yakisimamishwa kama ukuta huwalinda macho kwa gharama ndogo.

6. Fedha zisipotosha

Fuateni mpangilio huu: kwanza kofia yenye kioo sahihi na miwani myeupe, pili glovu, tatu buti, nne aproni na nguo za pamba. Glovu, buti na miwani ni vya mtu binafsi. Kofia na aproni wanaweza kupokezana wasiofanya kazi kwa wakati mmoja. Pateni bei za maduka matatu, na wekeni fungu la kubadilisha vifaa vinavyochakaa. Fedha zikipungua, ni afadhali kununua seti moja pungufu ya vyuma kuliko kufuta mavazi.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari ili mtu asianguke. Ukingo ni sehemu ya nyumba. Vivyo hivyo mavazi haya ni sehemu ya mashine.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, kila fundi wa mradi wetu ana kioo chenye namba sahihi? Nani amekikagua?
2. Nguo wanazovaa zimepimwa kwa moto?
3. Ni nani katika usharika anaweza kushona aproni?
4. Katika bajeti ijayo, mavazi yameandikwa mstari wa ngapi?