Bata wa mezani: tujifunze nini kwa Wachina?



Tangu miaka mingi wafanyabiashara wa Butembo wanasafiri mpaka Dubai na mpaka Guangzhou, kule China, kutafuta mali. Wale waliofika Guangzhou wanajua restora zenye bata wekundu waliotundikwa nyuma ya kioo, ngozi inang'aa mafuta. Mtu anapita tu, njaa inamshika. Lakini kwetu bata anazunguka mferejini, na siku ya kumuuzisha tunapewa bei ya huruma. Juu ya nini? Ndiyo somo letu la leo.

1. Wachina wanafanya namna gani?

Mjini Beijing kuna restora inayoitwa Quanjude, ilianza mwaka 1864. Kisha kunyonyoa bata, wapishi wanapuliza hewa katikati ya ngozi na nyama. Wanamwagia ngozi maji ya moto, wanaipakaa maji ya sukari ya nafaka, wanatundika bata mpaka akauke. Kisha wanamchoma ndani ya tanuru kwa kuni za miti ya matunda. Mpishi anamkata vipande vyembamba mbele ya wageni. Wanavikunja ndani ya chapati nyembamba, pamoja na kitunguu cha majani na mchuzi mzito wenye utamu. Mifupa inapikwa supu. Hakuna kinachotupwa.

Angalieni: kazi yote inategemea ngozi. Bata mwenye vidonda, ao mwenye manyoya mafupi yaliyobaki ndani ya ngozi, hafai. Kwa hiyo bei inaanza kwa mfugaji, haianzi jikoni.

2. Bata wetu ni wa namna ingine

Bata wa Beijing ni mweupe, ana mafuta mengi, na akilishwa vizuri anakuwa tayari kwa majuma saba hivi. Wetu, yule mwenye nyama nyekundu usoni, asili yake ni Amerika. Mayai yake yanalaliwa siku 35, ya yule wa Beijing siku 28. Nyama yake haina mafuta mengi, na wengi wanaipenda hivyo. Jike anafaa kuchinjwa kwa majuma 10, dume kwa majuma 12, kama wamekula vizuri. Ukipita wakati huo, manyoya mapya yanaanza kuota, kunyonyoa kunakuwa taabu, na chakula unachoongeza hakirudishi faida.

Basi tuhesabu. Bata wa Noeli: siku 35 za kulalia, na majuma 12 ni siku 84. Jumla siku 119. Mayai yawe chini ya mama mwishoni mwa mwezi wa nane. Anayelisha kwa mabaki ya jikoni tu aanze mapema, mwezi wa saba.

3. Chakula: hapa ndipo tunapoteza

Sisi wenyewe tulikosea. Tulikuwa na mahindi yaliyonyeshewa, yameota ukungu. Tukasema: watu hawawezi kuyala, tuwape bata. Vifaranga vikaacha kula, vikalegea, vikafa kimoja kimoja. Tulifikiri ni uchawi ao ugonjwa wa kuku. Kumbe ni sumu ya ukungu, inaitwa aflatoksini, na kifaranga cha bata kinaumizwa nayo upesi kuliko kifaranga cha kuku. Inakaa ndani ya mahindi na karanga. Kupika hakuiondoi. Na inaharibu maini ya mtu pia, kwa hiyo msiwape watoto uji wa mahindi hayo.

Kausheni mahindi mpaka yalie ukiyatikisa mkononi, na yawekeni juu ya mbao, si chini. Changanyeni na soja iliyokaangwa, dagaa kidogo na majani mabichi. Bata anakula na kunywa kwa zamu: chombo cha maji kiwe na kina cha kutosha apate kuosha pua. Lakini kwa baridi ya Butembo, kifaranga kisicho na mama kisiachwe kuoga.

4. Siku ya kuuzisha

Mwenye restora hataki bata mmoja mkubwa leo na wawili wadogo mwezi ujao. Anataka kumi wenye kilo sawasawa, siku mliyopatana. Mtu mmoja hawezi, koperative inaweza. Njia ikifungwa juu ya vita, mwambieni mapema, asingoje bure. Bata wasile saa 8 mpaka 12 kabla ya kuchinjwa, lakini wapewe maji. Na msiwabebe kichwa chini juu ya pikipiki: ngozi inachubuka, na ngozi ndiyo bei.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Kati yetu, nani ana majike wanaotaga sasa? Tuandike ndani ya kaye.
- Mahindi yetu yanakaa wapi wakati wa mvua? Twende tukayaangalie leo, tukitoka hapa.
- Restora gani mjini zinaweza kununua bata kumi kwa mwezi? Nani ataenda kuuliza kabla ya kufuga?

Swali hili la mwisho msiliruke. Anayefuga pasipo kuuliza mnunuzi, yeye ndiye atakula bata wake wote.