SOMO LA ROBO HII: KUMPIGA PICHA FUKUSI WA MAGUGU MAJI



Katika mikutano yetu na vikundi vya wavuvi hapa Kirumba, swali moja hurudi kila mara: wale wadudu walioletwa kula magugu maji wako wapi? Magugu haya yalianza kuenea Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliachia fukusi wa aina mbili kutoka Amerika ya Kusini, ambako ndiko asili ya magugu yenyewe. Lakini fukusi huyu ana urefu wa milimita 4 hadi 5 tu. Asiyemwona haamini kuwa yupo, na anapong'oa magugu huyachoma yote pamoja na mdudu anayemsaidia. Ndiyo maana tumejifunza kumpiga picha.

Kifaa

Lenzi ya kawaida ikisogezwa karibu mno, picha hutoka na ukungu. Dawa yake ni pete za kurefushia lenzi: vipande vya bomba visivyo na kioo, vinavyofungwa kati ya kamera na lenzi. Kamera lazima iwe ya kubadilisha lenzi. Pete ni za bei nafuu kuliko lenzi maalumu ya vitu vidogo.

Hesabu yake ni rahisi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 hutoa taswira ya karibu nusu ya ukubwa halisi. Pete za jumla ya milimita 50 hutoa taswira inayolingana na mdudu mwenyewe, nayo ikikuzwa kwenye karatasi kila mtu ataiona.

Hatua za kufuata

1. Tafuta majani yenye makovu madogo madogo. Fukusi hula zaidi usiku. Mchana hujificha katikati ya mmea, kwenye majani machanga.
2. Usiingie majini, kwa sababu ya kichocho. Uvute mmea mmoja ukiwa mtumbwini, uuweke kwenye beseni mahali penye mwanga pasipo upepo.
3. Tumia tundu la lenzi la f/8 au f/11, kwani sehemu inayoonekana vizuri huwa nyembamba sana. Pete hupunguza mwanga, hivyo tumia stendi.
4. Usihangaike kuzungusha lenzi. Sogeza kamera yote mbele na nyuma kidogo kidogo, ukipiga picha nyingi.
5. Katika picha moja weka rula kando ya mdudu.
6. Rudisha mmea ulikotoka. Usiupeleke kwenye bwawa lingine, maana utaeneza magugu.

Ukimaliza, ondoa pete. Sisi tulisahau, tukapiga picha za mkutano mzima zikatoka ukungu mtupu, kwa kuwa lenzi yenye pete haioni mbali.

Fukusi peke yake hamalizi kazi. Kung'oa bado kunahitajika. Lakini kikundi kilichomwona kinaweza kuanza kung'oa pale mitumbwi inapopita, na kuacha kwanza sehemu zenye fukusi wengi. Mithali 6:6 inatutuma tukajifunze kwa chungu. Hatuwezi kujifunza kwa mdudu tusiyemwona.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, katika mwalo wenu kuna majani yenye makovu?
2. Nani atatunza picha, ili mwakani mlinganishe?