SIMU MOJA, WASOMAJI KUMI



Siku hizi wakulima wengi wamo katika vikundi vya simu. Je, kikundi cha namna hiyo ni darasa? Tuangalie.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa redio. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kutenda. Basi watu wakachimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja! Mazungumzo ndiyo yaliyowatuma watu kushika jembe.

Mwaka 2000 wataalamu watatu wa Kanada, Garrison, Anderson na Archer, waliandika juu ya watu wanaosoma pamoja kwa kompyuta, kila mtu akiwa kwake. Walisema yanatakiwa mambo matatu:

1. Watu waaminiane, asiyejua asione haya kuuliza.
2. Wafikiri pamoja, wapime kila jibu.
3. Pawe na uongozi wa somo.

Sasa tuchukue mfano wa hapa kwetu Mpitimbi. Mkulima anaandika: "Viwavijeshi vimeingia kwenye mahindi. Nipulize dawa gani?" Anapata majibu kumi, na kila jibu lina dawa yake. Ananunua moja tu kwa kubahatisha. Dawa haifai. Fedha imekwenda, mahindi yameliwa, na watoto wanangoja ugali. Hilo si darasa, jamani, hiyo ni kelele ya sokoni.

Kikundi chenye kiongozi kingeuliza kwanza: Mahindi yana umri gani? Kiwavi kiko juu ya jani au kimejificha ndani ya mmea? Nani amewahi kutumia dawa hiyo, na alipata nini? Kisha angeulizwa bwana shamba au bibi shamba kabla fedha haijatoka mfukoni.

Na asiye na simu asiachwe nyuma. Simu moja inatosha watu kumi, kama redio ya mwaka 1973. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, wote wajadili.

Maswali ya kujadili

1. Nani anaongoza kikundi chenu cha simu?
2. Ni ushauri gani mliufuata bila kuupima? Ulileta nini?
3. Wiki hii mtatenda jambo gani pamoja?