Kuku wa Mayai Tingi: Vidokezo 8 vya Kuilinda Pesa ya Trei

Kahawa ya Mbinga hulipwa kwa msimu, kwa hiyo mkulima huipangia. Pesa ya mayai huingia kidogo kidogo kila siku, na ndiyo maana huishia kwenye sukari, vocha na nauli kabla haijahesabiwa. Kwa mfugaji wa Tingi, hapa Ruvuma, mwenye kuku 100, shida kubwa mara nyingi si soko. Ni kutojua shilingi ipi ni yake na ipi ni ya kuku.

1. Pesa ya chakula iwepo kabla ya vifaranga. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Mpaka hapo ameshakula kilo 7 hadi 8 na hajakupa yai hata moja. Vifaranga 100 ni karibu kilo 800, yaani magunia 16 ya kilo 50, na bado hujanunua mkaa wa kulelea. Wengi hukwama katikati: pesa imekata, kuku wanapewa pumba tupu, wanadumaa, na kuku aliyedumaa hatagi vizuri tena. Kama uwezo wako ni kuku 60, anza na 60.

2. Ijue trei moja imekula kilo ngapi. Hii ndiyo hesabu ninayokusihi usiiache. Kuku anayetaga hula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo kuku 100 hula kilo 12. Wakitaga mayai 80, kila trei ya mayai 30 imekula kilo 4.5. Wakishuka hadi mayai 50, trei ileile imekula kilo 7.2, na mnunuzi hakuongezei hata senti. Zidisha kilo hizo kwa bei ya kilo ya chakula, kisha toa kwenye bei ya trei. Kinachobaki ndicho cha chanjo, maranda, kibarua na wewe mwenyewe. Rudia kila wiki. Faida ikipungua, usikimbilie kupunguza chakula. Angalia maji kwanza, maana kuku hunywa karibu mara mbili ya anachokula, kisha saa za mwanga, minyoo na umri wa kundi.

3. Nunua mahindi mavuno yakitoka. Chakula hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote za banda, na Ruvuma ni mkoa wa mahindi. Anayenunua akiba ya miezi kadhaa mara baada ya mavuno hateseki bei inapopanda wakati wa masika. Yawe makavu kabisa, magunia yapangwe juu ya mbao. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu. Yawe rahisi namna gani, usiyanunue.

4. Usipa ununue gizani. Wavuvi wa Ziwa Nyasa huvua usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo, kwa taa usiku usio na mbalamwezi, na siku hizo ndizo dagaa hujaa Mbamba Bay na Liuli na bei hulegea. Kabla hujalipa, tia konzi moja kwenye ndoo ya maji na ukoroge. Mchanga utazama chini, nawe utaona unauziwa dagaa au unauziwa ufukwe. Usizidishe kwenye mchanganyiko wa chakula cha kuku, mayai yatanuka samaki.

5. Daftari moja, safu nne. Yaliyookotwa, yaliyovunjika, yaliyoliwa nyumbani, yaliyouzwa. Watoto wale mayai, na wale ya kutosha! Ila yaandikwe.

6. Mali kauli iwe na kikomo. Muuza chipsi na mwenye duka watakuomba uache trei, pesa baadaye. Mpe mteja unayemwamini, ila mzigo wa pili utoke baada ya wa kwanza kulipwa. Mayai uliyokopesha hayajalipwa, na kuku bado wanadai chakula leo jioni.

7. Kila trei ichangie kundi lijalo. Kundi huisha nguvu likifika wiki 72 hadi 80. Chukulia kuku mmoja atakupa mayai 240, yaani trei nane. Gharama ya kumlea mrithi wake igawe kwa nane: kila trei itoe bei ya kilo moja ya chakula na sehemu ya nane ya bei ya kifaranga. Pesa hiyo ikae kwenye kikoba au laini ya simu ambayo huitumii kwa matumizi ya nyumbani. Chanjo ya kideri iwe na fungu lake pia, kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo. Kideri huweza kufyeka banda zima kwa siku chache. Vifaranga wapya waingie miezi mitano kabla ya kuwauza wazee, kwenye chumba chao peke yao.

8. Ukikopa, uliza marejesho yanaanza lini. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata utaratibu wa vikundi. Mkiandika andiko la mradi, onyesheni wazi kwamba karibu miezi mitano ya mwanzo hakuna yai, na ombeni marejesho yaanze mwezi wa saba baada ya kupokea mkopo.