Kufuata Nyufa kwa Mvutano wa Dunia: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu imekuwa kubeba gravimita, chombo cha kupimia nguvu ya mvutano wa dunia, katika maeneo ya jotoardhi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, hasa Olkaria na Menengai. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tunatafuta njia ya maji ya moto. Gravimita haioni joto wala mvuke. Huonyesha pale mwamba mzito unapopakana na mwepesi. Ardhi ikikatika kwa mpasuko mkubwa, upande mmoja hushuka na kujaa majivu ya volkano na mashapo mepesi, na ule mwingine hubaki na lava nzito. Kwenye ramani, mpaka huo hutokea kama mistari ya vipimo sawa iliyobanana. Hapo ndipo ninapochora ufa, hata kama juu ya ardhi naona vichaka vya leleshwa tu.

2. Kimo ndicho roho ya kazi. Dunia hutuvuta kwa takriban miligali 980,000 (miligali ni kipimo cha mvutano), nasi tunasaka tofauti za miligali chache tu. Kila mita unayopanda, baada ya kuhesabu na mwamba ulio chini yako, hubadilisha kipimo kwa karibu miligali 0.2. Kwa hiyo kosa la mita 5 katika kimo ni miligali nzima, na hiyo yatosha kuzua ufa usiokuwapo. Ndiyo maana sikubali kimo kilichosomwa kwenye simu.

Halafu kuna uzito wa mwamba wenyewe. Vitabu huanza na gramu 2.67 kwa kila sentimita moja ya ujazo, lakini vilima vya huku vina pumisi na majivu, na ni vyepesi kuliko hivyo. Ukiing'ang'ania namba hiyo, kila kilima kitageuka shimo kwenye ramani. Mimi hupitisha mstari wa vipimo juu ya kilima, kisha nachagua uzito unaokifanya kilima kifutike kwenye matokeo. Njia hii ni ya zamani, na bado naiamini kuliko namba ya kuazima.

3. Rudi kituo cha msingi kila siku. Springi ya chombo huchoka, na mwezi na jua navyo huvuta, kwa hiyo kipimo cha mahali palepale hubadilika.

4. Ufa waweza pia kuteremsha maji baridi. Huko Olkaria, watafiti wengi wanauhesabu ufa wa Ololbutot, unaoelekea kaskazini hadi kusini, kuwa mojawapo ya njia za maji baridi kushuka. Mvutano hukuonyesha ufa ulipo. Mwelekeo wa maji utaupata kwenye joto la visima na kemia ya maji. Mimi huyapa uzito zaidi makutano ya nyufa, kwa sababu ufa mmoja peke yake huzibwa na madini ya silika na kalsaiti, ilhali panapokutana nyufa mbili mwamba huvunjikavunjika zaidi na kubaki wazi. Menengai imekaa panapokaribiana mihimili miwili ya nyufa, wa Solai na wa Molo.

5. Ramani moja hubeba majibu mengi. Katikati ya kaldera ya Menengai mvutano uko juu. Bonge dogo la mwamba mzito lililo karibu na uso wa ardhi laweza kutoa umbo hilo, na kubwa lililo mbali chini vilevile. Uchimbaji ulioanza 2011 ulifika hadi kwenye magma, kina cha kilomita 2 hivi. Sasa, magma ni nyepesi kuliko mwamba uleule ukishaganda, kwa hiyo naamini mvutano ule mkubwa unatokana zaidi na magma iliyopenya zamani ikapoa ikawa mwamba. Bila vipimo vya ukinzani wa umeme na vya mitetemeko midogo, singethubutu kusema chimbeni hapa.

6. Waulize wenyeji. Kule Eburru, eneo lingine la Bonde la Ufa, watu hupoza mvuke kwa mabomba wapate maji ya kunywa, na wanalijua kila tundu linalofuka. Matundu yao yakijipanga juu ya mistari yangu iliyobanana, nauamini ule ufa.

7. Linda vigingi vinavyoonyesha pointi za kupimia. Huko Olkaria vipimo vimerudiwa tangu miaka ya 1980, pointi zilezile, ili kujua uzito wa maji yaliyotolewa na yaliyorudishwa ardhini. Barabara mpya ikifukia kigingi, historia ya pointi ile imekatika. Vichorwe kwenye ramani ya ujenzi kabla ya tingatinga kuingia.