Thamani Nyingi Katika Ripoti Moja: Somo kwa Watunza Orodha ya Zaka



Ndugu zangu, kaka na dada, jumuiya nyingi zimeacha daftari na sasa orodha ya wanaostahiki zaka inawekwa kwenye kompyuta, katika hifadhidata. Mimi nasomea Elimu ya Kiislamu, si kompyuta, lakini nimeona kwamba anayetoa ripoti ya orodha hiyo naye amebeba amana. Akiuliza vibaya, kuna mjane ambaye jina lake halitasomwa siku ya kugawa. Somo letu ni jambo moja tu: namna ya kuiuliza ripoti kwa thamani zaidi ya moja.

1. Kigezo ni nini?

Ripoti hutengenezwa mara moja, ikaachwa na nafasi ya kujazwa. Nafasi hiyo ni kigezo. Mafundi huiita parameta. Sharti lake huandikwa hivi:

WHERE wilaya = 'Koboko'

Alama ya sawasawa hukubali thamani moja. Tuseme amiri anataka Arua na Koboko kwa pamoja. Ukijaza 'Arua,Koboko' katika nafasi ile ile, ripoti itatoka tupu bila kuonyesha kosa lolote. Kompyuta imetafuta wilaya moja inayoitwa "Arua,Koboko", na wilaya hiyo haipo. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana msomaji atadhani hakuna anayestahiki.

2. Namna sahihi

WHERE wilaya IN ('Arua', 'Koboko')

Kila jina limefungwa kwa alama zake. Maana yake: mlete yeyote ambaye wilaya yake ni mojawapo ya hizi.

Programu nyingi za ripoti huonyesha orodha ya kuchagua, kisha hupeleka machaguo yote yakiwa maandishi mamoja yaliyotenganishwa kwa mkato. Maandishi hayo lazima yakatwe kwanza. SQL Server ina STRING_SPLIT tangu toleo la 2016. PostgreSQL ina string_to_array. Ukishakata, ondoa nafasi tupu zilizobaki mbele ya majina, kwa sababu ' Koboko' si sawa na 'Koboko'. Wala usibandike maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri. Mwenye nia mbaya anaweza kuandika humo amri yake mwenyewe.

3. Jina moja, maeneo mengi

Hapa West Nile tuna sababu ya pekee ya kuhitaji thamani nyingi. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi 2005. Madi-Okollo ilitolewa Arua mwaka 2019. Mwaka 2020 Arua mjini pakawa jiji, na Terego ikawa wilaya. Kwa hiyo neno "Arua" lililoandikwa mwaka 2018 lina eneo pana kuliko "Arua" ya leo. Familia iliyoandikishwa Rhino Camp wakati huo iliwekwa chini ya Arua. Leo kambi hiyo iko Madi-Okollo na Terego.

Anayetaka ripoti ya eneo lote hilo, kwa miaka yote, achague hivi:

WHERE wilaya IN ('Arua', 'Jiji la Arua', 'Madi-Okollo', 'Terego')

Akichagua "Arua" peke yake, watu wa Terego walioandikishwa juzi wataachwa.

4. "Yeyote" au "yote"?

Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja makundi manane ya wanaopewa zaka. Wanazuoni wamehitilafiana: Imamu Shafii ameona igawiwe makundi yote yanayopatikana, Hanafi, Maliki na Hanbali wameruhusu kutoa hata kwa kundi moja. Orodha ni ile ile, lakini swali ni je, inatosha mojawapo au zinatakiwa zote?

Ripoti nayo ina swali hilo. IN humaanisha mojawapo. Tuseme kila kundi la mtu limeandikwa mstari wake, na unatafuta aliye fakiri na pia mwenye deni. Ukiandika aina = 'fakiri' AND aina = 'mwenye deni', hutapata mtu, kwa kuwa mstari mmoja hauna aina mbili. Tumia IN, kusanya mistari kwa kila mtu, kisha hesabu:

WHERE aina IN ('fakiri', 'mwenye deni')
GROUP BY namba_ya_mtu
HAVING COUNT(DISTINCT aina) = 2

Na ukitaka "mojawapo" tu, kumbuka kwamba mwenye aina mbili atatokea mara mbili. Hesabu watu kwa COUNT(DISTINCT namba_ya_mtu), usihesabu mistari; la sivyo mmoja atawekewa mafungu mawili na mwingine akose.

5. Kabla ya kuchapisha

Kubalianeni mapema: asiyechagua kitu amemaanisha wote au hakuna? Kisha andika juu ya ripoti thamani zote zilizochaguliwa, ili shekhe anayeipokea ajue ni nani walioulizwa na ni nani hawakuulizwa.

Zoezi

Orodha yenu ina watu 3 wa Koboko: wa kwanza ni fakiri, wa pili ni mwenye deni, wa tatu ni yote mawili. Ripoti ya IN kwa aina hizo mbili itatoa mistari mingapi? Watu wangapi? Na wangapi wana sifa zote mbili? Ukipata 4, 3 na 1, umeelewa somo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kufikisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiq.